Askari Aliyelala Bustanini

Nilitoka nyumbani Kamukuywa asubuhi moja nikiwa nimetumwa chumvi. Mwenye duka alishaniona, alishanyoosha mkono kuchukua pakiti. Nikampungia, nikapita. Sikuwa na mpango wowote. Barabara ya Kitale ilikuwa mbele yangu, ukungu ukianza kupanda kutoka mtoni, na nilitaka tu kujua kilima cha kwanza kimeficha nini. Kilikuwa kimeficha kilima cha pili. Nikaendelea.

Ndivyo nilivyoishi tangu siku hiyo, vijana wangu, na ndiyo maana mkiniuliza kazi niliisomea wapi huwa nacheka. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alisema dunia ni mviringo, nami nikaona kukaa kwenye dawati si njia ya kuhakikisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza sanamu za simiti. Simba wa malango ya hoteli, tai wa paa za matajiri, malaika wa makaburini, na mara moja ng'ombe wa maziwa wa ukubwa kamili, kwa mkulima mmoja wa karibu na Mabanga aliyetaka tumtengeneze hadi mkwaruzo wa kupe sikioni. Sasa nimeacha. Kifua kimejaa vumbi, na simiti imenila ncha za vidole. Juzi nilienda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa alama za vidole vyangu. Msichana wa kaunta akasema, "Mzee, inasema hakuna mtu." Nikamwambia ajaribu tena, pengine niko nje kidogo.

Siku ile ya chumvi niliingia Kitale jua likiwa juu. Kwenye lango la hoteli moja nikakuta mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu, amemkumbatia simba na kupiga kelele. Simba alikuwa mbichi bado, na mkia wake ulikuwa unaanguka.

"Wewe! Wewe mrefu! Si unaona niko na mikono mbili tu? Shika mkia!"

Nikashika mkia. Nikaushika mpaka jioni, simiti iliposhika na mkia ukasimama wenyewe. Hakuna aliyeniambia niende, basi sikwenda. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi na Fundi Barasa. Nilikaa naye miaka mingi, nikimtoroka kila baada ya muda kwenda kuona mji mwingine, na kila niliporudi alinikaribisha kwa neno moja: "Mkia."

Mambo aliyonifundisha Barasa hayakuandikwa popote, kwa hiyo yasikilizeni. Mchanga uwe wa mto. Uchukue kiganjani, uufinye, uufungue. Ukiacha tope mkononi, rudi ukauoshe, hata kama mteja amesimama hapo akitazama saa. Plasta ipakwe tabaka jembamba, halafu jingine, halafu jingine. Anayepaka yote kwa mara moja atakuja kuiokota chini. Simiti haikaushwi, hunyweshwa: ifunike kwa gunia na uimwagilie kila asubuhi kama sukuma wiki shambani. Macho ya sanamu hufanywa mwisho, maana ukiyaweka mapema utaanza kumwonea haya. Na mikono ndiyo inayomtaja fundi. Mkiona malaika ameficha mikono ndani ya kanzu, jueni aliyemtengeneza alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Leo najua mnamwaga simiti kwenye kalibu za faiba, mnatoa malaika kumi wanaofanana kama maandazi, kisha mnawapaka rangi ya dhahabu. Sisemi ni vibaya. Malaika wetu mmoja alitoka na shingo kama ya twiga, na bado yuko kaburini kwa watu wema ambao hawakulalamika.

Lakini siri kubwa ya Barasa ilikuwa tumbo la sanamu. Simiti ilikuwa ghali, na sanamu nzima ya simiti tupu ni mzigo ambao hata lori linaogopa. Mafundi wengine walijaza ndani magunia na magazeti. Barasa alitumia shina la mgomba. Alilikata bichi, akapitisha vyuma katikati, akalizungushia wavu wa kuku, akaanza kupaka. Shina lilikuwa la mviringo tayari, kama kiwiliwili cha mtu. Lilikuwa na maji yake, kwa hiyo liliinywesha simiti kutoka ndani. Baada ya miezi lilioza, likasinyaa, likaacha uwazi, na sanamu ikawa nyepesi na ngumu kama kibuyu.

Kulikuwa na sharti moja: uache tundu dogo chini, maji ya shina yatokee. Kwenye simba mmoja mimi ndiye niliyetoboa tundu, na nikalitoboa mahali nilipoona panafaa, katikati ya miguu ya nyuma. Wiki ya kwanza tu simba akaanza kukojoa maji ya kahawia mbele ya wageni wa hoteli. Mwenye hoteli alitaka tumwondoe. Barasa akamwambia, "Mzee, simba hukojoa kuonyesha mpaka wake. Hii hoteli sasa hakuna mtu atakunyang'anya." Yule mtu alifikiri, kisha akaenda kuwaita rafiki zake waje waone.

Kitu kimoja Barasa hakukiweza ni maandishi. Nyinyi mnaotoka Bungoma mnajua ndimi zetu: r na l kwetu ni ndugu, wanavaliana nguo. Tuliwahi kuandika maneno kwenye lango la shule, yeye akitamka na mimi nikichonga. Tukaondoka tumeridhika. Kesho yake mwalimu mkuu akatuita, akatusimamisha mbele ya lango, akatuambia tusome. Tukasoma kwa sauti: MAHARI PA KUSOMEA.

"Sasa, Fundi," akasema, "hapa mzazi analeta ng'ombe wangapi ndio mtoto asome?"

Barasa akanigeukia. "Si nilisema *mahari*?"

"Ulisema *mahari*," nikamjibu, na hadi leo sijui ni lipi alilosema.

Sasa niwaambie juu ya askari wa bustani. Wale wa Kitale mmempita mara nyingi: kofia yenye ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, bunduki imeelekezwa chini, mikono yote miwili juu ya kitako chake. Kunguru humkalia kofiani. Mnapiga picha naye, mmoja wenu nimemwona amemwekea miwani ya jua. Hakuna ubaya, alikuwa kijana kama nyinyi.

Kamati ya watu wa mji ndiyo iliyomtaka, ili kuwakumbuka watu wa huku waliochukuliwa kupigana vita vya Wazungu, wakapelekwa hadi Burma, ambayo wazee wetu waliiita Bama. Wengi hawakurudi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole aliyevaa tai hata akienda kununua mbolea. Baba yake alikuwa mmoja wa waliorudi, na alikuwa ameacha koti lake la kaki la jeshi. Mwalimu alituazima lile koti ili tuone jinsi nguo ya askari inavyomkaa mtu, mikunjo inaanguka wapi, mkanda unabana wapi. Alilileta limefungwa kwenye shuka safi, akaliweka mikononi mwa Barasa kama mtoto mchanga.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumekata shina moja zuri kando ya kijito, nyuma ya kinu cha unga, urefu wa mwanamume mzima. Tulililaza juu ya magunia kwenye nyasi za bustani. Barasa akalifunga kitambaa cheupe upande wa juu, utomvu usije ukalitia koti madoa. Tukalivika koti, tukafunga vifungo vyote. Halafu nikachukua mkebe wa maji nikaanza kulimwagia taratibu kwa kiganja, maana nguo mbichi ndiyo inayoshuka vizuri na kuonyesha mikunjo. Barasa alikuwa amepiga magoti, akinyoosha mikono ya koti, huku akilizungumzia shina kama kawaida yake. Kila shina alilipa jina. Hili liliitwa Koplo.

"Koplo, kaa sawa. Koplo, umekula sana huko jeshini, vifungo vinalia."

Tukasikia sauti nyuma yetu. "Mnaosha nani?"

Alikuwa mwanamke mzee, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Pamoja naye alikuwa mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Barasa hakuwahi kuacha swali lipite bila kulitania. Bila kuinua kichwa akajibu, "Askari, kukhu. Ametoka Bama. Amechoka, anaoga."

Kukhu ni nyanya kwa lugha ya kwetu. Yule kukhu aliweka kikapu chini polepole. Akavua viatu. Akaja akapiga magoti pale kichwani, penye kile kitambaa cheupe, akaweka mkono juu ya kifua cha koti.

"Wekesa!" akalia. "Wekesa we! Umekuja na njia gani?"

Vijana, mimi nilizaliwa kwenye desturi hiyo. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba, wakalitengeneza kama maiti, wakalilia na kulizika, ili naye awe na mahali pa kulala. Niliwahi kusimama kando ya kaburi la namna hiyo nikiwa mdogo. Lakini nilikuwa nimekata mashina mengi sana kwa ajili ya simba na malaika, hata jicho langu likaacha kuona. Niliona tumbo la sanamu. Kukhu aliona mtu ameoshwa, amefungwa kitambaa, amevikwa nguo zake za vita. Nilipotazama tena, na mimi nikamwona. Nikauweka mkebe chini.

Barasa alikuwa ameshavua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku hiyo.

Kilio hakihitaji barua. Watu walianza kuja: wenye baiskeli za kubeba abiria, mama wa mboga, fundi wa viatu na kiatu cha mtu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Ati askari."

"Askari wa wapi, wa kituo?"

"Hapana bana, wa Bama."

"Bama ni kwa nani hapo?"

"Wewe nyamaza, lia kwanza, utauliza baadaye."

Wanawake wawili wazee waliketi kando ya Kukhu, wakaanza kulia majina yao wenyewe, majina mengine kabisa. Ndipo Mwalimu alipofika, tai imeenda upande kwa haraka.

"Nini hii? Nimeambiwa kuna matanga kwa bustani." Akaona, akaelewa nusu. Akainama. "Mama, pole. Pole sana. Lakini hii ni kazi ya mafundi. Ni sanamu tu."

Kukhu akamtazama. "Sanamu ni ile mtasimamisha, Mwalimu. Huyu amelala."

Tulimkalisha kwenye benchi, akatueleza. Jina lake lilikuwa Nanjala, na nyumbani kwake ni Sirisia. Alikuwa bibi arusi mchanga, ana mimba ya kwanza, mume wake Wekesa alipochukuliwa. Vita vikaisha, wengine wakarudi, Wekesa hakurudi wala mwili wake. Wazee walitaka kukata shina, lakini mama yake Wekesa alikataa katakata. Alisema mwanawe yuko njiani, na akamwapisha mwanawe mdogo, Wanjala, kwamba hakuna shina litakalozikwa mpaka Wekesa arudi. Mama akafa. Wanjala akawa ndiye mzee wa ukoo, na akashika neno la mama.

"Mimi si mke, si mjane," Kukhu akasema. "Nimezeeka nikiwa hapo katikati."

Halafu akamwonyesha yule mtoto mgongoni mwa yule mwanamke kijana, mke wa mjukuu wake. Mjukuu wake alikuwa akifanya kazi Kitale, na huyo mtoto ndiye kitukuu wa kwanza wa kiume. Kukhu alikuwa amekuja kumwona. Alitaka aitwe Wekesa. Wazee walikuwa wamekataa.

"Wanasema jina la mtu ambaye hajaliliwa halipewi mtoto. Ukiita, utakuwa umeita watu wawili, na hujui ni nani atakuja. Sasa mimi ndiye wa mwisho kujua sura yake. Nikienda, jina limeenda. Nipeni huyu nimpeleke nyumbani."

Mwalimu alipangusa uso. "Shina, mama, chukua. Mafundi watakata ingine. Si ndiyo, Fundi?"

"Hata kama hangeomba," Barasa akasema, "hii siwezi kuitia simiti tena. Imeliliwa."

"Lakini koti," Mwalimu akasema, "koti ni ya baba yangu."

"Bila koti nitakuwa nimebeba ndizi," Kukhu akajibu. "Wanjala atanicheka kwa lango."

Mwalimu alichuchumaa kando ya shina. Akashika kola, akaigeuza, akapapasa kifungo kimoja ambacho uzi wake haukufanana na wa vingine. Nadhani alitaka kutuambia ni nani alikishona. Hakutuambia. Alikaa hivyo mpaka fundi wa viatu akaanza kukohoa.

"Kwetu alirudi mtu na koti lake," akasema mwishowe. "Kwenu hakurudi kitu. Nenda nayo, mama. Kamati nitaongea nayo mimi."

Yule mnayemwona bustanini leo ana shina jingine tumboni. Barasa alilikata siku hiyohiyo, na hakulipa jina. Koti alilitengeneza kwa kukumbuka, na ukitazama utaona kifungo cha tatu kimekaa tofauti na vingine. Mikono ni yangu, niliifanya niliporudi. Kidole gumba cha kushoto hakikuniridhisha, lakini simiti ikishashika, imeshika.

Nasema niliporudi, kwa sababu Barasa alinivuta kando. "Mkia, utaenda naye. Wazee watataka mtu wa kusema alimpata wapi. Mimi nikienda, askari atasimamishwa na nani?"

"Niseme nini?"

"Ukweli. Lakini ile maneno ya Koplo, uiache hapa."

Gari lilitoka kwa Mzee Singh. Alikuwa na duka la mabati na simiti ambalo baba yake alilifungua, na sisi tulikuwa wateja wake wasumbufu, wa kununua mifuko miwili na kuuliza bei ya ishirini. Siku hiyo alikuwa anapeleka mabati Chwele kwa pikapu yake mwenyewe. Nilimkuta akiyafunga kamba.

"Mzee, kuna mzigo wa kufika Sirisia."

"Mzigo gani?"

Nikamweleza. Nilitarajia acheke, au aulize nani atasafisha gari. Aliingia dukani. Juu ya mizani ya misumari kulikuwa na picha niliyoiona miaka yote bila kuuliza, mimi ambaye huuliza kila kitu: kijana mwenye kilemba na sare ya jeshi. Mzee Singh akaipangusa vumbi kwa leso.

"Ndugu mkubwa ya baba," akasema. "Vita hiyo hiyo. Sisi, mtu akifa, tunachoma. Huyu hakukuwa na cha kuchoma." Akarudi nje, akafungua kamba alizokuwa ameshafunga. "Mabati itangoja. Shina ilale katikati, isigongwe."

Tukaenda. Kukhu alikaa mbele na mama wa mtoto, mimi nilikaa nyuma, mkono wangu mmoja juu ya koti ili lisipeperuke. Nilikuwa sijawahi kufika Sirisia. Kwa kawaida njia mpya hunifanya nisimame nyuma ya gari kama mbuzi, nikitazama huku na huku. Siku hiyo nilikaa chini, nikawa natafuta maneno. Mtu wa kuzurura hukosa vingi lakini hakosi hadithi, na mimi nilikuwa na hadithi za kutosha kumfanya Wekesa aje na meli, aje na ndege, aje kwa miguu akitokea Bama na kupitia kila mji niliolala. Tulipokaribia, nilikuwa nimezitupa zote.

Langoni alisimama mzee mfupi mwenye fimbo, ameshika mti wa lango. Nikajua ni Wanjala.

"Shemeji," akasema, "ulienda kuona mtoto. Umerudi na nini?"

"Nimerudi na ndugu yako."

Alikuja nyuma ya pikapu. Alitazama koti muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Sikuku, mzee. Mtoto wa Kamukuywa. Ni fundi."

"Ulimtoa wapi?"

"Kitale, kwa bustani ya mji. Tulikata shina kando ya kijito, tukavalisha koti, tukamwagia maji. Tulikuwa tunatengeneza sanamu. Hatukujua tunafanya nini. Kukhu ndiye alijua."

"Mgomba ulikuwa wa nani?"

"Wa mwenye shamba. Sijui jina lake."

"Na koti?"

"Ya baba wa Mwalimu mmoja."

Mzee Wanjala akageukia watu waliokuwa wameanza kujaa ndani ya boma. "Mmesikia? Shina la mtu hukatwa kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake. Hili ni la watu. Koti ni la watu. Shemeji, mimi nilimwapia mama. Nitamwambia nini? Kwamba nimezika ndizi ya watu wa Kitale?"

Kukhu alishuka bila kungoja kusaidiwa.

"Mama alisema asizikwe mpaka arudi. Si huyu amerudi?"

"Kwa mgomba wa watu?"

"Na arifia wapi, Wanjala?" Hasira ilimvuta ulimi. "Si kwa watu? Nguo arikufa nayo irikuwa ya nani, yake? Kama aripata kaburi, si watu ndio warichimba? Mgomba wa kwetu unamjua wapi? Hata haukuwa umepandwa akienda. Huyu amekuja na vile watu walikuwa wamempa. Sasa mwambie arudi."

Mzee Singh alizima injini.

Wanjala alirudi nyuma ya gari. Alilipima shina kwa macho, kutoka kitambaa hadi mwisho wa koti. Kisha akanyoosha fimbo yake kando yake, akapima tena.

"Fundi. Huu urefu ulitoa wapi?"

"Koti ndilo lilitupimia, mzee."

"Alikuwa ananizidi kichwa," akasema. Hakuwa akituambia sisi. "Alikuwa ananibeba shingoni tukienda mtoni."

Akashika mti wa lango. Lango lile lilikuwa na mlango mdogo wa watu na miti ya kuvuta kwa ajili ya ng'ombe. Akaanza kuvuta ile miti mwenyewe, mmoja mmoja, na vijana walipokimbia kumsaidia akawakemea, "Fungueni lote! Mtu wa nyumba haingii upande."

Tulimbeba watu wanne. Mzee Singh alishika pembe ya nyuma, viatu vyake vya mjini vikizama kwenye samadi, na hakuondoka mpaka shina likawekwa chini. Kulikuwa na nyumba ya vijana wa kiume kando ya uwanja, ya udongo, paa la nyasi, imefagiliwa. Kaburi lingechimbwa asubuhi, kwa hiyo Wekesa alitakiwa alale ndani usiku huo, kama mtu yeyote aliyeletwa kutoka mbali. Tukamlaza humo.

Mama mmoja wa boma akanitazama, nimesimama mlangoni na tope hadi magotini. "Na huyu mgeni, tutamlaza wapi?"

"Wageni ni wawili," Mzee Wanjala akasema. "Watandikieni pamoja."

Wakaleta mikeka miwili, mablanketi mawili, na chai ya maziwa kwenye kikombe kimoja, ambacho nilikinywa mimi. Nimelala mahali pengi: stoo za mahindi, vibaraza vya makanisa, ndani ya tumbo la ng'ombe wa simiti aliyekuwa hajamalizwa. Sijawahi kukaribishwa vizuri kama hapo. Niliketi kwenye mkeka wangu, mgongo ukutani, mlango umeachwa wazi.

Nje moto ulikuwa umewashwa na jioni ilikuwa ikiingia. Watu walikuwa wakija na viti vyao. Yule mtoto, aliyekuwa kimya njia nzima, akaanza kulia. Mama yake akambembeleza, akashindwa. Kukhu akampokea, akamweka begani.

"Nyamaza," akasema. "Nyamaza, Wekesa."

Mzee Wanjala alikuwa ameketi karibu na moto, fimbo magotini, na kila mtu akamtazama yeye. Mimi pia nilinyoosha shingo kutoka ndani nisikie atamkanya namna gani. Aliweka fimbo chini. Akasogeza kiti chake kando, akaacha nafasi.

"Mlete Wekesa hapa," akasema. "Huko kuna baridi."